Debe Moja la Neema, Manne ya Mchanga

Nakijwa aliingiza mkono kwenye gunia la Neema hadi kwenye kiwiko, akautuliza humo kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu nzito ya kitu kilichoiva kupita kiasi. Jua lilikuwa halijafika upande ule wa mlima, lakini gunia lilikuwa na joto lake lenyewe. Alihesabu hadi ishirini, kisha akautoa mkono na kuutazama. Ngozi ilikuwa imeanza kuwasha kwenye mikunjo ya vidole.

"Huu ni mkali kuliko wa mwezi uliopita," alisema.

"Kila gunia unalisema hivyohivyo," alijibu Senkondo. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na huu ulikuwa mwaka wa nane wakifanya kazi pamoja katika kitalu cha Kata ya Vumbwe. "Siku ukiletewa udongo mpole, shemeji, utalalamika kwamba umedharauliwa."

"Lete mchanga."

"Chai kwanza. Mchanga haupoi."

Kila asubuhi Senkondo alikuja na chupa ya chai aliyoipika mwenyewe, na kila asubuhi alikuwa ameitia sukari kama ya watu wa harusini. Nakijwa alijimiminia nusu kikombe, akachukua birika la maji ya moto lililokuwa jikoni, akajazia. Senkondo alimtazama kwa uchungu wa kujifanya.

"Unaharibu kazi ya watu."

"Naiokoa."

Walikunywa wakiwa wamekaa juu ya ukingo wa tuta la kwanza. Chini yao matuta mengine manne yaliteremka kama ngazi, yamejaa viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche, na katika kila kiriba kulikuwa na mche wa mkuyu usiozidi urefu wa kidole. Kando ya yote, juu ya mlima na chini yake, kulikuwa na mwamba mtupu.

Miaka kumi na miwili nyuma, mvua za misimu mitatu mfululizo ziliuchuna mlima wa Vumbwe kama mbuzi anavyochunwa ngozi. Udongo uliteremka bondeni, bondeni ukaingia mtoni, mtoni ukaenda zake baharini. Ndipo Mamlaka ya Ardhi Mpya ilipojenga ile minara ya pwani inayopika udongo kwa taka za miji, mwani na vijidudu vya kufugwa. Udongo huo ukaitwa Neema. Ulijaribiwa kwenye mahindi na nyanya, ukafanya maajabu, na kila kata ikaanza kugawiwa magunia yake ili ioteshe miti ya kuushika mlima tena.

Senkondo alimwaga gunia juu ya chekeche, Nakijwa akaanza kutikisa. Udongo ulipita. Juu ya wavu zilibaki punje ndogo za samawati, za ukubwa wa ulezi, mamia kwa mamia. Hizo zilikuwa masikio ya Mamlaka. Kila punje ilionja udongo ulioizunguka na kutuma habari: hapa kuna unyevu kiasi hiki, hapa kuna Neema safi, hapa kuna Neema iliyochanganywa. Nakijwa alizikusanya kwa ncha za vidole, akazipeleka nyuma ya jiko, akazimwaga ndani ya karai kubwa lililojaa Neema isiyoguswa. Akazimwagilia maji kidogo. Humo karaini punje zilikaa zikisema ukweli mchana kutwa: hapa kuna Neema safi.

Kisha Senkondo akaleta mchanga. Ulikuwa mchanga wa ndiva, lile bwawa la kienyeji ambalo wazee wa Upare walilichimba kukinga maji ya mfereji. Siku hizi ndiva ilijaa mchanga kuliko maji, na kila mwezi kata nzima ilitoka kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, kuuzoa. Hakuna aliyeuona kuwa na faida. Ulikuwa mweupe, ulioshwa na kuoshwa tena, hauna lishe yoyote.

Debe moja la Neema, manne ya mchanga. Nakijwa alichanganya kwa mikono, si kwa sepetu, kwa kuwa sepetu huacha madonge.

Kuchanganya Neema na kitu kingine chochote kuliitwa kuchakachua, na kata iliyochakachua ilihamishwa bila kusikilizwa. Sheria hiyo haikutungwa kwa uonevu. Miaka ya mwanzo walikuwapo viongozi waliouza nusu ya mgao na kujazia kifusi. Hata Nakijwa mwenyewe alipoisikia mara ya kwanza aliona ni sheria nzuri.

Mwaka ule wa kwanza aliitii. Alijaza viriba vyote kwa Neema tupu, akapanda, akamwagilia, na katika kila miche kumi ikafa saba. Mche unaochipua una mzizi mwembamba kama uzi wa buibui. Ukiuweka kwenye udongo uliojaa lishe, hauli, unaliwa. Ni kama kitunguu cha kachumbari, ambacho ukikitia chumvi hutoa maji yake chenyewe hadi kikalegea. Nakijwa aliandika barua tatu kwa Mamlaka kueleza jambo hilo. Alijibiwa mara moja tu, kwamba punje hazijaonyesha kasoro yoyote katika udongo na kwamba asimamie umwagiliaji.

Kata iliyopata chini ya themanini kwa mia katika hesabu mbili ilitangazwa kuwa imekufa. Bomba la maji lilifungwa, na watu walipelekwa kwenye Majengo ya pwani, vyumba juu ya vyumba, ambako mtu hapewi hata kopo la kupandia kitunguu. Vumbwe ilikuwa imeshaanguka hesabu moja. Basi Nakijwa akafanya kama mama yake alivyofanya na samadi ya mbuzi. Akaupunguza ukali.

Mashine ndogo iliyoitwa nzi ilipita juu ya matuta ikivuma, ikahesabu majani, ikaenda zake. Mfumo wa Mamlaka ukayaunganisha maneno mawili: Neema safi, miche hai tisini na saba kwa mia.

"Na ule uliobaki?" Senkondo aliuliza akionyesha magunia yasiyotumika.

"Peleka kwenye migomba ya watu. Mti mkubwa hauogopi."

"Migomba yangu inazaa kama ina wazimu," Senkondo alisema akiinua mikono ya toroli. "Jana mkungu mmoja umeniangukia begani. Nimeumizwa na neema."

Nakijwa alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye, alipoikumbuka siku hiyo, alikumbuka kwamba alicheka.

*

Afisa Kaijage wa Mamlaka alikuja na hati iliyowekwa kwenye fremu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtaratibu wa kusema, aliyetoka Bukoba na aliyekuwa bado hajauzoea mteremko. Safari moja ya nyuma alimwona Nakijwa akiokota punje kwa kupapasa, akadhani anaokota mawe. Mwezi uliofuata alimletea miwani, katika kibweta chake, na kitambaa cha kufutia.

"Inakufaa, Mama?" aliuliza sasa.

"Naona hadi mambo nisiyoyataka, mwanangu."

Kaijage alicheka. Akaiegemeza hati ukutani mwa jiko, mahali ambapo moshi haungeifikia, akarudi nyuma kuitazama kama imenyooka. Vumbwe ilikuwa ya kwanza katika kanda nzima.

"Nina swali moja nimeagizwa niulize," alisema. "Ninyi mnafanyaje? Wengine wanalia kwamba Neema inaunguza. Nyinyi, udongo uleule, tisini na saba."

Nakijwa alikuwa ameshika kikombe. Nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka pale, karai lilikuwa limefunikwa gunia. Aliwaza: nikisema sasa, huyu kijana ataandika. Atalia, lakini ataandika. Aliwaona watu wa Vumbwe mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, wakishuka na magodoro kichwani.

"Tunamwagilia asubuhi," alisema. "Mchana hatugusi."

Haukuwa uongo. Walimwagilia asubuhi.

"Asubuhi," Kaijage alirudia, akiandika. "Basi ni uangalifu tu. Nilijua. Makao makuu wameamua Vumbwe iwe kipimo. Kata arobaini zitapewa Neema kwa kufuata takwimu zenu, safi vilevile kama mnavyoipokea. Atakayelalamika ataonyeshwa ninyi."

"Arobaini?"

"Arobaini, Mama. Zikiwemo zile za tambarare. Mkonga ndiyo ya kwanza kwenye orodha."

Mkonga ilikuwa chini kabisa ya mlima, siku ikiwa safi ungeweza kuyaona mabati yake kutoka tuta la tano. Msimamizi wa kitalu cha huko alikuwa Nanzia, ambaye Nakijwa alimfundisha kazi tangu akiwa binti wa kufungwa nywele.

Nakijwa alifungua kinywa. Kaijage alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alisema, "Mama, mkono wako huo una vipele. Nikija tena nitakuletea mafuta." Na kwa namna fulani wema huo ukaziba njia ya lile neno lililokuwa linakuja.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

*

Ilipita miezi saba. Nakijwa alijiambia kwamba Nanzia anajua kazi. Hakuna mwanafunzi wake ambaye angeweza kutazama mche unaungua akakaa kimya. Nanzia angetia mchanga wake kimyakimya, kama alivyotia yeye, na hakungekuwa na la kuzungumza.

Nanzia alikuja kwa miguu, asubuhi ya saa tatu, na beseni kichwani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mnene kidogo, mwenye sauti ya kukata. Siku hiyo sauti haikuwapo. Alisalimia shikamoo, akalitua beseni, akaifunua kanga iliyolifunika.

Ilikuwa miche kumi na tisa ya mkuyu. Nakijwa alivaa miwani. Kingo za majani zilikuwa zimekauka na kuwa za kahawia, kana kwamba mtu alizipitisha kwenye moto kwa mstari mmoja, na katikati yake kulikuwa bado kijani kibichi. Aliung'oa mche mmoja taratibu. Mzizi ulikuwa mweusi na umesinyaa.

"Hesabu ya kwanza tulipata thelathini na nne," Nanzia alisema. "Ya pili, juzi, ishirini na sita. Tunahamishwa Ijumaa."

Senkondo, aliyekuwa anakuja na toroli la mchanga, alisimama. Kisha akageuza toroli taratibu, akalirudisha alikotoka. Nanzia alimwona na hakumfikiria.

"Nimekuja uniambie nilikosea wapi," alisema. "Sikuja kuomba kitu, Mwalimu. Kwangu kumeshaisha. Lakini huko tunakokwenda nitaulizwa na watoto wangu, nami sina jibu."

"Ulimwagilia saa ngapi?" Nakijwa aliuliza, akajichukia.

"Asubuhi. Kama mlivyosema."

Nakijwa aliurudisha mche kwenye beseni na kuufunika mizizi. "Nanzia. Hukufikiria kutia mchanga?"

Mwanamke yule alicheka kidogo, bila furaha. "Wa mtoni ninao, hatua ishirini kutoka kwenye kitalu. Wiki ya kwanza tu, majani yalipoanza kukunjamana, nilijaza debe. Nakumbuka ulivyotuuliza darasani: nani kati yenu anamlisha mtoto wa wiki moja makande? Tulicheka sana. Basi nililibeba debe langu mpaka kwenye viriba, nikalitua chini."

"Kwa nini ulilitua?"

"Kwa sababu yako."

Nakijwa alivua miwani.

"Walikuwa wametuletea takwimu zako, zimebandikwa ukutani mwa kitalu. Nakijwa wa Vumbwe, Neema safi, tisini na saba. Nikasema, huyu ni Mwalimu wangu. Huyu ndiye aliyenifundisha kupunguza ukali, na sasa ameacha kupunguza, na miche yake inaishi. Kwa hiyo kuna jambo amelijua ambalo mimi sijalijua. Mkono wangu uliniambia tia mchanga. Nikauambia mkono wangu unyamaze. Kila siku nilipoona jani limeungua, nilisema, ni mimi sijafanya sawasawa, Mwalimu hawezi kukosea." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Wangekuwa wamebandika takwimu za mtu mwingine yeyote, ningechakachua siku ileile."

Nakijwa aliinuka, akamshika Nanzia mkono kama alivyomshika zamani akimvusha mfereji, akampeleka nyuma ya jiko. Akaondoa gunia juu ya karai. Punje za samawati zilikuwa zimetapakaa juu ya udongo mweusi, zimelowa, zinang'aa.

Nanzia alitazama karai. Akatazama rundo la mchanga wa ndiva, ambalo Senkondo hakuwahi kulificha. Alikuwa mtu wa kazi, hakuhitaji kuelezwa.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Debe moja kwa manne."

"Mimi ningetia matatu." Alisema hivyo polepole, kama mtu anayeongea usingizini. Kisha akainama, akaokota punje moja, akaitazama juu ya kidole chake. "Barua moja tu, Mwalimu. Hata si barua. Ungemtuma mtu ashuke aniambie maneno mawili."

"Niliogopa neno likishuka litapanda tena."

"Uliogopa mimi nitasema?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nanzia aliirudisha punje karaini kwa uangalifu. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema, "Mama yangu ana miaka themanini na moja. Ameuliza kama huko Majengo kuna mahali pa kuota jua." Akajifunga kanga yake kiunoni, akaanza kushuka. Beseni aliliacha.

*

Kaijage alikuwa amefikia kwenye ofisi ya kata, akishughulikia karatasi za Mkonga. Nakijwa alimkuta peke yake saa sita mchana, shati limeloa mgongoni. Juu ya meza palikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya ngozi, imeandikwa jina la Nakijwa kwa kalamu.

Alimweleza yote, amesimama. Alipofika kwenye karai, Kaijage alinyoosha mkono akakizima kinasa sauti kilichokuwa mezani.

"Mama," alisema. "Unaongea na afisa, au na nani?"

"Naongea na aliyeninunulia miwani."

"Basi afisa hajasikia." Alivuta kiti akamkalisha, akammiminia maji, akasubiri anywe. "Nisikilize. Nikiandika hili, Vumbwe inahamishwa Jumatatu kwa kuchakachua. Mkonga haisimami, amri yake imeshatiwa sahihi na mfumo hauna njia ya kurudisha amri nyuma. Nitakuwa nimehamisha kata mbili badala ya moja. Unataka niandike?"

"Na hizo thelathini na tisa zilizobaki?"

"Neno la mtu mmoja halibadilishi kipimo. Kipimo kimejengwa kwa punje na majani. Mfumo hausikii maneno. Ungekuwa unasikia, zile barua zako tatu zingetosha. Nilizisoma, Mama. Nilizikuta kwenye faili nilipoanza kazi. Niliona zimeandikwa vizuri."

"Ulizisoma," Nakijwa alisema.

"Nilizisoma." Aliangalia mikono yake. "Nami nikazirudisha kwenye faili."

Nje, mtu alikuwa anapiga bati kwa nyundo.

"Ni nini kinachobadilisha kipimo?" Nakijwa aliuliza.

Kaijage aliutazama mlango. "Kitalu kilekile. Punje zilezile. Zaidi ya nusu ya miche ife, katika hesabu moja. Lakini hamna hesabu ya kupoteza ninyi. Mlishapoteza moja." Akamsogezea chupa ya mafuta upande wa pili wa meza. "Nenda nyumbani, Mama. Hukuua mtu. Ulikuwa unaokoa watu wako. Mtu yeyote angefanya hivyo."

Aliyasema kwa upole wa kweli kabisa, na Nakijwa aliondoka pale ameshika chupa ile akihisi kana kwamba amewekewa jiwe juu ya kifua na mtu anayempenda.

Siku ya Ijumaa alikaa kwenye tuta la tano tangu alfajiri. Malori yalionekana madogo kama mbegu. Alihesabu kumi na saba. Ile miche kumi na tisa ya Nanzia aliihamishia kwenye mchanga mtupu wa ndiva siku ileile iliyoletwa. Jumapili, miwili kati yake ilitoa jani jipya.

*

Alianza Jumatatu. Aliliburuta karai mwenyewe, kwa kuwa Senkondo alikuwa bado hajafika, akafungua magunia ya Neema, akakaa chini kwenye tuta la kwanza na kuanza kuhamisha miche. Aliing'oa mmoja mmoja kutoka kwenye mchanganyiko wake, akaujaza udongo mweusi mtupu kwenye kiriba kipya, akatia punje tatu, akaupanda. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Mche ukivunjwa mzizi wakati wa kuhamishwa hufa kwa sababu nyingine, naye alitaka ife kwa sababu moja tu.

Senkondo alipofika na chupa ya chai, alikuwa amemaliza safu nne.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alimwambia. Matuta matatu kati ya matano.

Senkondo aliitua chupa chini. "Umewauliza watu?"

"Mara ya kwanza sikuwauliza."

"Mara ya kwanza ulikuwa unawaokoa!" Hakuwahi kumpazia sauti tangu amjue. Akaishusha. "Mkonga wameshakwenda. Huwarudishi. Kwa ajili ya nani sasa? Watu usiowajua majina?"

"Kuna Nanzia huko katika kila kata, Senkondo. Anatazama ukuta, anaona jina langu, analitua debe."

"Na mimi? Kaka yangu yumo humu mlimani. Nani atampalilia?"

Nakijwa aliacha kufanya kazi. Mumewe alizikwa juu ya ndiva, kwenye kipande kidogo ambacho mvua hazikukichuna, na Senkondo ndiye aliyejenga ukuta wa mawe kukizuia, kwa mikono, mwaka mzima, bila kuombwa na mtu. Ni jambo ambalo hakuwahi kumshukuru ipasavyo, na sasa haikuwa siku yake.

"Sijui," alisema. "Kama ungekuwa na njia nyingine, niambie nami nitaacha."

Alisubiri kweli. Senkondo alisimama muda mrefu akitazama miche. Kisha akageuka akashuka, akiwa amesahau toroli.

Siku nne za kwanza miche ilipendeza. Majani yakawa ya kijani cha giza, mashina yakavimba, ikarefuka kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona kwenye mchanganyiko wake. Mtu asiyejua angesema imepata afya. Siku ya tano, kwa kutumia miwani, aliona mstari wa kahawia mwembamba kwenye ukingo wa jani moja. Siku ya nane mstari ulikuwa kwenye yote. Aliimwagilia kila asubuhi, na mchana hakuigusa. Kama ingekuwa na masikio angeiomba radhi. Siku ya kumi na mbili nzi alipita juu ya matuta, akavuma, akahesabu. Arobaini na moja kwa mia.

Jumamosi kata ilikuwa kwenye msaragambo pale ndiva, na Nakijwa alisimama kwenye ukingo wake, miguu ndani ya ule mchanga mweupe, akawaambia wote alichokifanya mara ya kwanza na alichokifanya mara ya pili. Alitegemea kutukanwa. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema tu, "Ungetuuliza, Bibi." Kisha watu wakaokota majembe yao. Wengine waliendelea kuzoa mchanga, kwa mazoea, ingawa hakukuwa tena na sababu ya kuuzoa.

Karatasi mbili zililetwa wiki iliyofuata. Ya kwanza ilisema kipimo cha Vumbwe kimefutwa, na mgao wa Neema kwa kata thelathini na tisa umesitishwa hadi udongo upimwe upya kwa miche michanga. Nakijwa aliisoma mara tatu. Hakukuwa na mtu wa kumsomea kwa sauti. Ya pili iliwapa watu wa Vumbwe siku thelathini, na chini, mahali pa kuandika sababu ya kufa kwa kata, palikuwa pameandikwa: uzembe wa msimamizi wa kitalu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kitaluni kama kawaida. Matuta mawili bado yalikuwa hai, na miche hai inataka maji, iwe ina pa kwenda au haina. Kwenye kona, kwenye mchanga mtupu, miche miwili ya Mkonga ilikuwa na majani manne kila mmoja.

Hapakuwa na mtu. Lakini nje ya lango, juu ya jiwe, si mahali pake pa siku zote, palikuwa na chupa ya chai.

Alitazama njia juu na chini. Senkondo alikuwa ameshaondoka. Nakijwa aliichukua chupa, akaingia jikoni, akamimina nusu kikombe, na mkono wake mwingine ukaenda wenyewe kwenye birika la maji ya moto. Kabla hajajazia, alionja.

Chai ilikuwa ya moto. Haikuwa na sukari hata chembe.

Alilirudisha birika mahali pake. Akakijaza kikombe chai hadi ukingoni, akakaa kwenye tuta la kwanza, mbele ya viriba vilivyokauka, akainywa yote.